Karakana ya visu uani, Tabora: yanayosemwa na yalivyo

Anayetaka kufua visu kwa kujifurahisha, uani kwake Isevya au Kiloleni, hupewa ushauri wa bure kabla hata hajapata nyundo. Mwingi unahusu mashine. Kumbe mashine ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Kipande cha chuma huwa kisu au hubaki bati lenye ncha kutegemea moto: umefika kiasi gani, umekaa muda gani, na chuma kimezimwa kwenye nini. Na fundi atafika mwaka wa pili au hatafika kutegemea macho na mapafu yake.

"Huwezi kuanza bila karakana kamili"

Kibanda cha mita 3 kwa 3, paa la bati, pande mbili wazi, kinatosha. Chini pawe udongo ulioshindiliwa au mchanga mkavu. Sakafu ya saruji inapendeza, lakini kipande chekundu kikiiangukia, unyevu uliomo ndani hugeuka mvuke na kurusha vipande. Mawe ya mtoni nayo hupasuka vivyo hivyo, kwa hiyo usijengee jiko.

Kuna jambo ambalo wageni wa kazi hawalifikirii: kivuli. Rangi ya chuma ndiyo kipimajoto chako, na kwenye jua la Septemba chuma kilichoiva huonekana cheusi. Anayefulia juani hukichoma chuma akidhani bado ni baridi. Chini ya mwembe panafaa, mradi majani makavu yafagiwe na moto usiwe chini ya matawi ya karibu. Wengi huishia kufua jioni, wakati ambao ni mbaya kwa majirani lakini mzuri kwa macho.

Kuhusu fuawe, yaani chuma cha kufulia juu yake, usisubiri ya kuagiza. Ekseli ya lori iliyosimamishwa na kuzikwa nusu kwenye gogo gumu, au kichwa cha nyundo ya kilo 6 au zaidi kilichopachikwa humo, hufulia visu bila shida, kwa sababu kisu ni kitu chembamba na pigo lake ni dogo. Sehemu ya juu ifikie vifundo vya ngumi ukiwa umesimama, mikono ikining'inia. Tabora ni mji wa reli, kwa hiyo haipiti wiki hujaambiwa utafute kipande cha reli. Reli ni chuma kizuri kweli, ila ni mali ya shirika la reli, na kipande kisicho na karatasi kinaweza kukupeleka polisi. Ekseli haina maswali.

Vingine vya kuanzia: nyundo ya kilo 1, koleo moja linaloshika kwa uhakika, jiliwa, au vaisi kama mafundi wengi wanavyoiita, tupa mbili, sumaku, misasa ya namba 80 hadi 400, na grinda ndogo. Tupa na msasa peke yake vinamaliza kisu kwa siku mbili tatu. Grinda inaokoa muda tu.

"Mkaa wa kupikia hauna moto wa kutosha, unahitaji gesi"

Katika karne ya 19 majembe ya chuma yaliyofuliwa kwa mkaa wa miti yalikuwa bidhaa katika masoko ya Unyamwezi, tena yalitumika kulipa mahari. Mkaa wa miombo ukipewa hewa unapita nyuzi 1,200 za Selsiasi. Wewe unahitaji kama 1,000 kwa kufua na chini ya 850 kwa kukaza, yaani kukifanya chuma kiwe kigumu kwa kukichovya kikiwa chekundu. Tatizo la mkaa kamwe si kukosa moto. Ni kuuzidisha.

Jiko lenyewe: rimu ya gari, ndani umepaka udongo wa kichuguu uliochanganywa na mchanga, sehemu 2 kwa 1, unene wa sentimita 5. Acha likauke kivulini wiki nzima, kisha washa moto mdogo wa kuni kwa saa moja au mbili. Ukiharakisha, litapasuka kila upande. Hewa iingie chini kwa bomba jeusi, yaani lisilopakwa zinki, la milimita 30 hivi, kutoka kwenye mvukuto, feni ya kuzungusha kwa mkono, au feni ndogo ya gari inayotumia betri ya volti 12. Weka kizuizi cha kupunguza hewa, hata kama ni kipande cha bati cha kuteleza.

Vunja mkaa uwe vipande vya sentimita 3 hadi 5, ujaze kina cha sentimita 15 juu ya tundu la hewa, na chuma kilale katikati ya makaa, mbali na tundu. Kikikaa juu ya tundu, oksijeni inakila: ngozi inamenyeka na kaboni ya juu inapotea. Chuma chenyewe kikianza kurusha cheche kama fataki, kimeungua na hakirudi. Kata sehemu hiyo utupe.

Usiwashe jiko hili chumbani, hata kwa mvua ya Januari, hata dirisha likiwa wazi. Mkaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, na kichwa kinapoanza kuuma huenda miguu tayari haina nguvu.

"Chuma ni chuma, hata nondo hutoa kisu"

Nondo itakupa umbo la kisu. Kaboni yake ni ndogo, kwa hiyo haikazi. Utainoa asubuhi na mchana makali yameshalala. Vivyo hivyo bati nene, bomba na chuma cha geti. Kisu kinataka kaboni kuanzia asilimia 0.5 hivi, na yadi za chuma chakavu zimejaa kitu hicho: springi za magari, zenye kama asilimia 0.6. Tupa kuukuu nyingi zina asilimia 1 au zaidi, ingawa za bei rahisi nyingine ni ngumu juu tu, ndani ni laini kama nondo.

Usiamini jina la muuzaji, pima. Kata ukanda wa upana wa kidole, upashe hadi sumaku iache kuushika, ongeza moto kidogo, uchovye kwenye mafuta ya vuguvugu. Ukipoa, upitishie tupa. Tupa ikiteleza kama juu ya kioo, chuma kimekaza. Kisha ubane kwenye jiliwa, ufunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani, piga nyundo. Ukikatika na kuonyesha punje laini za kijivu, una chuma cha kisu. Ukipinda, peleka kwa anayetengeneza mageti.

Springi iliyovunjikia barabarani ina mtego wake: nyufa zisizoonekana, hasa karibu na palipovunjika na kwenye tundu la bolti. Chukua kipande cha mbali, sugua uso mpaka ung'ae, kisha ukague. Meno ya tupa nayo yaondolewe yote kabla ya kukaza, maana kila jino linaloachwa ni mlango wa ufa.

"Kunywa maziwa, moshi hautakudhuru"

Hii ndiyo dhana inayopendwa kuliko zote, na ndiyo yenye madhara zaidi, kwa sababu humfanya mtu ajione salama. Maziwa huenda tumboni. Moshi na vumbi huenda kwenye mapafu. Njia hizo mbili hazikutani, na hakuna glasi ya maziwa inayosafisha pafu.

Hatari kubwa ya uani ni bomba la maji na bati la mabati. Zinki iliyopakwa juu huchemka kwenye nyuzi 907, yaani ndani ya joto la jiko lako, ikatoa moshi mweupe. Anayeuvuta anaweza kumaliza kazi akiwa mzima. Baada ya saa 4 hadi 10 akashikwa na baridi, homa, maumivu ya viungo na ladha ya chuma mdomoni. Katika mkoa wenye malaria, kila mtu atamwambia ni malaria. Apimwe, asimeze dawa kwa kubahatisha, na amweleze daktari kwamba alikuwa akichoma mabati. Kwa kawaida homa hiyo huisha ndani ya siku moja au mbili, lakini kifua kikibana au pumzi ikikata, asisubiri. Kinga ni moja: chuma chenye zinki au kromu kisiingie kwenye jiko, na bomba la hewa liwe jeusi.

Kwa vumbi la grinda na la mbao, vaa barakoa ya N95 inayokaa vizuri usoni. Leso na ile barakoa ya bluu ya hospitali havizuii vumbi laini. Na miwani ya jua si miwani ya kazi. Chembe ikiingia jichoni, usisugue, wala usimruhusu mwenzako aitoe kwa ulimi, unyasi au sindano. Osha kwa maji safi. Ikigoma, nenda hospitali ya Kitete. Ikiwa ilirushwa na nyundo au grinda na macho yanaona ukungu, nenda hata kama hakuna maumivu, na hapo usisugue wala usibonyeze. Chembe yenye kasi hutoboa jicho bila kuuma sana.

"Toa kava, diski kubwa inakata zaidi"

Grinda ya diski ya milimita 115 huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika. Diski ya milimita 230 imeruhusiwa kama 6,650 tu. Soma, imeandikwa juu yake. Kava, ile kinga ya diski, linaondolewa kwa sababu moja, kuingiza diski isiyo yake, na diski hiyo ikipasuka hulenga uso na tumbo. Soma pia tarehe ya mwisho kwenye pete ya katikati: gundi ya diski huzeeka. Glovu za kitambaa na mashine inayozunguka mezani haviendi pamoja. Waya wa kuongezea wa milimita za mraba 1.5 unatosha kwa mita 20, lakini uukunjue wote, ukibaki umeviringishwa hupata joto.

"Maji ya chumvi ndiyo hukaza kisawasawa"

Yanakaza haraka mno, na springi ikikazwa haraka mno hupasuka kwa mlio mdogo unaovunja moyo. Mkojo wa mbuzi, unaosifiwa sana, nao ni maji ya chumvi. Oili chafu ya injini inakaza kiasi, ila moshi wake una mabaki usiyotaka kuyavuta. Tumia mafuta ya kula: alizeti, au mawese yanayoletwa kutoka Kigoma. Mawese huganda asubuhi za Juni, yayeyushe kwanza. Yote yapashwe hadi nyuzi 50 au 60, lita 4 au zaidi, ndani ya chombo kirefu cha chuma chenye mfuniko. Yakiwaka, funika. Maji usimwage kabisa.

Kabla ya kukaza, acha makali yawe na unene wa milimita 1.5, yakiwa membamba kuliko hapo yatajikunja. Pasha kisu mara tatu hadi sumaku iache kushika, kila mara kiache kipoe hewani mpaka kiwe cheusi. Hii hutuliza punje zilizovurugwa na nyundo, na wanaoiruka ndio wanaolalamika kwamba visu vyao vinapinda. Mara ya nne pita kidogo kile kiwango cha sumaku, ambacho ni nyuzi 770, ufikie kama 830, rangi isogee hatua moja tu. Chovya ncha ikitangulia, wima, ukisogeza juu na chini. Ukiyumbisha kushoto na kulia, upande mmoja hupoa kwanza na kisu hupinda.

"Kikishakaza, kazi imekwisha"

Hapo kisu ni kioo. Kikianguka sakafuni kinakatika. Ndani ya saa ile ile kirudishwe kwenye moto mdogo, nyuzi 200, saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Huna oveni? Wanaooka keki kwa mkaa wanajua jibu: sufuria nzito, mchanga mkavu, mfuniko, makaa chini na juu. Weka ndani kipimajoto cha oveni na usimamie, ukiongeza na kupunguza makaa. Sugua upande mmoja wa kisu ung'ae kabla ya kukiingiza: rangi ya asali nyepesi inafaa kwa kisu cha jikoni; zambarau na bluu zinasema umezidisha na ugumu umepungua. Rangi huzidi kukolea kadiri muda unavyokwenda, kwa hiyo kipimajoto ndicho shahidi na rangi ni msaidizi. Baada ya hapo ukisugua kwa grinda, chovya kisu majini kila mara. Kikigeuka bluu kwenye makali, sehemu hiyo umeilegeza mwenyewe.

"Mpini ni pambo tu"

Mpini mbovu huingiza maji, na kutu hula shina, sehemu ya chuma iliyo ndani ya mpini, pasipoonekana. Omba kwa seremala masalio ya mninga uliokauka. Mti mbichi utasinyaa kiangazi na kuacha mwanya. Mpingo ni mzuri zaidi na mgumu zaidi kutoboa, lakini vumbi lake huwasha ngozi na kifua. Kwaruza chuma na mbao kwa msasa wa 80, paka gundi ya epoksi, pitisha misumari miwili ya shaba ya milimita 4 au 5, bana bila kukamua gundi yote, acha saa 24. Malizia kwa nta, bidhaa ambayo Tabora haina uhaba nayo: sehemu 1 ya nta kwa 3 za mafuta ya kitani, iyeyushwe ndani ya chombo kilichowekwa kwenye maji ya moto. Matambara ya mafuta ya kitani yatandazwe nje yakauke. Yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe.

"Kisu kikiwa cheusi kimeharibika"

Kata viazi vitamu vya michembe au maembe mabichi, na siku hiyo hiyo kisu kipya kitapata madoa ya kijivu na bluu. Hayo ni ngozi nyembamba inayokinga chuma, haina sumu. Adui ni kutu nyekundu: isugue kwa majivu laini na maji, kausha papo hapo, paka nta kidogo. Makali yanolewe kwenye kinoo kwa pembe ya nyuzi 15 hadi 20 kila upande. Kisu cha shamba kipewe 25. Wala kisilale ndani ya beseni la vyombo hadi asubuhi.