Hujamhoji kabila, umemhoji mtu

Ukienda kuwahoji watu juu ya utamaduni wao, jihadhari na dhana hizi.

Dhana: Ukimpata mzee anayejua mila, umeipata jamii nzima.

Ukweli: Mwaka 1946 mwanaanthropolojia (mtafiti wa tamaduni za watu) Mfaransa Marcel Griaule alikaa siku 33 akimsikiliza Ogotemmêli, mzee kipofu wa Wadogoni wa Mali. Mazungumzo yale yalichapishwa 1948, na wasomaji wengi wakayapokea kama imani ya Wadogoni wote. Mwaka 1991 Mholanzi Walter van Beek, aliyefanya utafiti wa miaka mingi kwa watu haohao, akaandika kwamba sehemu kubwa ya mafundisho yale hakuyakuta kwa wanakijiji. Wataalamu wamebishana sana juu ya dai hilo. Kwangu mimi, hakuna haja ya kumwita mzee mwongo. Alikuwa mtu mwenye fikra zake, na fikra hizo zikavishwa watu wote.

Kosa hilo huanzia kwenye neno dogo: "ninyi". Niliwahi kumuuliza mama mmoja, "Ninyi huwa mnawaleaje watoto?" Akajiweka sawa kitini, sauti ikawa ya mkutano wa hadhara, akanipa hotuba safi isiyo na mtu ndani yake. Nilipobadili na kuuliza, "Wewe ukikosea utotoni, nani alikukanya?", alicheka kwanza, kisha akaniambia habari za shangazi yake kwa nusu saa.

Dhana: Utambulisho ni mavazi, vyakula na ngoma.

Ukweli: Vitu hivyo hubadilika, na watu hubaki wakijiita walewale. Mwaka 1969 mwanaanthropolojia Fredrik Barth wa Norwei alionyesha kwamba kinachodumu ni mpaka kati ya "sisi" na "wao", hata desturi zilizomo ndani yake zikigeuka. Basi uliza habari za mpakani: ni lini alijitambua kuwa yeye ni tofauti? Nani huwa anamwambia "wewe si mwenzetu", na yeye humjibu nini?

Dhana: "Kwa nini" ndilo swali linalochimba.

Ukweli: Kwa mgeni, mara nyingi linasikika kama shtaka, na mtu huanza kujitetea. Mwanaanthropolojia Mmarekani James Spradley, katika mwongozo wake wa mahojiano wa 1979, alishauri uulize neno linavyotumika badala ya kuuliza maana yake. Akisema "heshima", mwombe akusimulie mara ya mwisho alipoona mtu amekosa heshima.

Dhana: Ndugu anayejua lugha zote mbili ndiye mkalimani bora.

Ukweli: Ni nafuu, hilo nakubali. Ila kuna mambo mtu hayasemi mbele ya mkwe wake wala mwanawe.

Dhana: Ukizima kinasa sauti, mahojiano yamekwisha.

Ukweli: Mara nyingi hapo ndipo mtu hulegea na kusema, "Sasa nikwambie ukweli..." Msikilize, kisha umwombe ruhusa upya kabla ya kuandika hata neno moja.