Waya ya Plagi Iliyopimwa Ikaonekana Nzima

Dereva mmoja wa teksi aliniletea Toyota Corolla yenye injini ya 5A-FE ambayo kwa muda wa mwezi mzima ilikuwa imezunguka katika garaji tatu za hapa Goma bila kupona. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Papa fundi, mjini inatembea vizuri, lakini nikishika njia ya Rutshuru na abiria wanne, pale inapoanza kupanda kuelekea Kibumba inatetemeka na kuishiwa nguvu. Mvua ikinyesha ndiyo inazidi." Alikuwa ameshabadilisha plagi, zile zinazotoa cheche ndani ya silinda, mara mbili na pampu ya petroli mara moja, na nozeli zinazopulizia petroli zilikuwa zimeoshwa. Waya za plagi hazikubadilishwa, kwa sababu fundi mmoja alizipima kwa mita, akapata namba nzuri, akazitangaza kuwa nzima. Kipimo hicho ndicho kilichompotezea dereva fedha zake, na nimekiona kikiwapoteza mafundi wengi, hata wenye uzoefu.

Waya ninazozizungumzia ni zile nene zinazotoka kwenye distribyuta, kifaa kinachogawa umeme kwa kila plagi, ambacho sisi kwa mazoea ya Kifaransa tunakiita deliko, na kuishia kwenye plagi, yaani buji. Magari mengi ya siku hizi hayana waya hizo, kwa kuwa kila plagi imekaliwa na koili yake juu, lakini Goma bado imejaa magari ya miaka ya 1990 ambayo maisha yake yote yanategemea waya nne za mpira. Koili huchukua umeme wa betri wa volti 12 na kuupandisha hadi maelfu ya volti, na kazi ya waya ni kuufikisha umeme huo kwenye plagi bila kuuruhusu utoroke njiani. Ndani ya waya kuna kiini ambacho kwa kawaida si shaba bali ni nyuzi zenye kaboni, zilizowekewa ukinzani, yaani hali ya kuupinga umeme, makusudi ili cheche isivuruge redio wala kompyuta ya injini. Nje yake kuna mpira mzito, mara nyingi wa silikoni, ambao ndio ukuta unaozuia umeme usitoke.

Basi mita ya ohm hupima kiini peke yake. Toyota inataka ukinzani wa kila waya katika injini za jamii hii usizidi kiloohm 25, na waya zote nne za gari lile zilikuwa chini ya 12. Hata hivyo, mita hutumia betri ndogo ya volti chache, nayo haiwezi kujua mpira utafanya nini utakaposukumwa na volti 20,000. Ni kama kumpima mtu mapigo ya moyo kisha kudai kwamba ngozi yake haina kidonda. Waya ikionyesha ukinzani usio na mwisho, au namba zikirukaruka unapoikunja, imekufa, na hapo mita imefanya kazi yake. Ikionyesha namba nzuri, umejua nusu tu ya habari.

Sababu ya gari kutulia mjini na kuchachamaa mlimani iko ndani ya silinda. Kadiri hewa na petroli vinavyobanwa zaidi, ndivyo cheche inavyohitaji volti nyingi zaidi ili iruke pengo la plagi. Injini ikiwa inanguruma taratibu bila mzigo, silinda hupokea hewa kidogo, na mpira wenye ufa mdogo bado huweza kuuzuia umeme. Dereva akikanyaga mafuta mlimani, silinda hujaa, volti zinazohitajika hupanda, na umeme hutafuta njia nyepesi zaidi. Njia hiyo ikiwa ni ule ufa kuelekea chuma cha injini, cheche huruka nje, silinda hukosa moto, na petroli yake hutoka mbichi kwenye ekzosi. Maji ya mvua na unyevu wa alfajiri huirahisisha njia hiyo, hasa yakichanganyika na vumbi letu jeusi la mawe ya volkano linaloganda juu ya kila kitu chini ya boneti.

Kwa hiyo nilianza kwa kulitilia shaka lile jaribio ambalo kila fundi hulianza, la kuchomoa silinda moja moja gari likiwa limesimama. Mimi huchomoa soketi ya nozeli, sichomoi waya ya plagi, kwa maana waya iliyoachwa hewani huweza kuua koili au kumpiga fundi shoti ambayo hataisahau, na mwenye kifaa cha moyo mwilini hapaswi hata kusogea karibu. Silinda ambayo ukiichomoa injini haibadilishi sauti, hiyo ndiyo isiyofanya kazi. Katika gari hili zote nne zilibadilisha sauti sawasawa, jambo lililokuwa limewashawishi wenzangu kwamba moto hauna tatizo, wakakimbilia petroli.

Nilipima kompresheni pia, yaani nguvu ya mbano ndani ya silinda, kwa haraka, ili niondoe shaka ya valvu. Hapa niongeze neno kwa vijana wanaosoma vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya miji ya pwani: Goma iko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 15, na geji itasoma pungufu kwa kiasi hichohicho hata injini ikiwa mpya. Linganisha silinda kwa silinda kabla hujaogopa namba yenyewe. Nne hizi zilikuwa karibu sawa.

Kisha nikasubiri giza. Saa moja jioni tulilisukuma gari hadi ndani ya banda, tukazima taa, tukawasha injini, na msaidizi wangu akashika chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kupigia pasi nguo. Alinyunyiza ukungu mwepesi, si maji ya kumwagika, akianzia kwenye kofia ya distribyuta na kufuata waya moja baada ya nyingine. Kwenye waya ya silinda ya tatu, mahali ilipoegemea kishikizo cha chuma ambacho plastiki yake ilikuwa imevunjika, ulitokea uzi mwembamba wa buluu, ukatoweka, ukarudi, na kila uliporudi tulisikia mlio mkavu wa ta, ta, ta, na injini ikayumba. Dereva alikuwa amesimama nyuma yangu, naye aliuona kabla sijanyoosha kidole.

Ili nisiitegemee bahati ya maji, nilikausha waya na kurudia kwa njia nyingine. Nilichukua bisibisi yenye mpini mzuri wa plastiki, nikaifunga waya ya kawaida kwenye shina lake na kuiunganisha upande wa pili na chuma cha injini, kisha nikaipitisha karibu na kila waya ya plagi huku msaidizi akipandisha mzunguko wa injini. Waya nzima haijibu kabisa. Ya tatu ilirusha cheche kwenye ncha ya bisibisi palepale, na ya nne ikarusha hafifu karibu na kofia yake ya mpira.

Hiyo ya nne ilinielekeza kwenye chanzo. Katika injini hii plagi zimezama kwenye visima katikati ya kichwa cha silinda, na mipira ya kava ya valvu ikizeeka, oili huvuja humo. Kisima cha nne kilikuwa na oili ya kutosha kulowesha kidole, na kofia ya waya ilikuwa imelainika kama ugali uliozidi maji. Nilipozitoa plagi nilikuta jambo la pili: zilikuwa mpya kweli, lakini zilikuwa za injini nyingine, zikiwa na pengo la milimita 1.1 badala ya 0.8 inayotakiwa hapa. Pengo pana hudai volti zaidi, na waya iliyochoka hulipa deni hilo. Tena plagi ya tatu ilikuwa na mstari mweusi kwenye kauri yake, kuanzia juu hadi kwenye chuma, njia ambayo cheche ilikwisha kujichorea. Plagi yenye mstari huo haisafishwi kwa sandpepa. Ukiiacha, itaanza kuichoma kofia ya waya mpya siku ileile.

Dereva aliniomba niizungushie ile ya tatu utepe, kama alivyoona wengine wakifanya. Nilimweleza kwamba utepe wa kawaida wa mafundi umeme umetengenezwa kwa volti mia kadhaa, mara nyingi 600, nasi tunazungumzia zaidi ya 20,000. Hakufurahi, kwa kuwa alikuwa amebakiwa na fedha kidogo, lakini alikubali tubadilishe waya zote nne pamoja na plagi na mipira ya kava. Nilizipanga waya kwenye vishikizo vyake zisigusane, hasa ya tatu na ya nne, kwa sababu moto wa injini hii hufuata mpangilio wa 1-3-4-2, na waya za silinda jirani zinazofuatana kuwaka zikilala sambamba kwa urefu huweza kuambukizana umeme.

Kesho yake tulipanda hadi Kibumba tukiwa watu watano, mvua ikinyesha, na injini haikukata hata mara moja. Tuliporudi, dereva aliziomba waya zake za zamani, nami nilimpa, ila kwanza nilizikata kofia zote kwa kisu, kwa sababu waya inayopimwa kiloohm 9 ingeuzika Birere, mtaa wa biashara wa hapa Goma, kabla ya saa sita mchana.