Pomu si "tofaa kwa Kilatini"

Nimeandika "pomu", jina la aina moja ya tunda, ubaoni, hata chaki sijaiweka chini, sauti ya nyuma ikadakia: "Mwalimu, si tofaa tu hilo kwa Kilatini?" Mara ya nne muhula huu. Basi naandika, yaishe.

Tofaa kwa Kilatini ni malum, ndiyo maana jenasi yake, yaani kundi la mimea ya karibu nayo, ikaitwa Malus. Pomum lilikuwa tunda lolote la mti, na Pomona, mungu wa kike wa Warumi, alilinda matunda yote. Ni Wafaransa waliolibana neno mpaka pomme ikabaki tofaa peke yake. Halafu hao hao wakakiita kiazi pomme de terre, kwa hiyo msiwategemee sana. Komamanga nalo liliitwa pomum granatum, tunda lenye punje, na si pomu hata kidogo.

Kwetu sisi wa mimea, pomu ni tunda la ukoo wa waridi, na cha kuuliza ni kimoja: nyama imetoka wapi? Kata tofaa kwa upana, usilipasue kwa wima kama mnavyozoea. Katikati kuna nyota ya vyumba vitano, kuta zake ngumu kama ukucha. Hiyo ni ovari, sehemu ya ua inayobeba mbegu, yaani ile mnayotupa! Nyama mnayokula, sehemu yake kubwa, ni kikombe cha ua kilichovimba kuizunguka. Tafuta pia duara la vinukta kumi vya kijani: ni mishipa iliyokuwa ikienda kwenye sepali (vijani vya nje vya ua) na petali (vile vya rangi).

Kikombe hicho ni nini hasa, hapo vitabu hupita mbio. Wengine husema ni kitako cha ua, wengine misingi ya sepali, petali na stameni (viungo vya kiume vya ua) iliyoungana. Naegemea hawa wa pili kwa sababu ya vile vinukta, ila sitaapa.

Peasi la Lushoto ni pomu, bila mjadala.

Nikamwambia yule kijana kesho yake alete tofaa tulikate. Akaleta la pwani, jekundu, linadondoka maji. Tukakata: kokwa moja kubwa, nyota hakuna. Hilo ni ndugu wa karafuu na pera. Na hilo pera lenyewe, jina ni la Kireno, maana yake peasi.

Kijana akauliza kama anaweza kulila sasa.