Kumbukumbu haifanyi kazi kama kamera

Dhana potofu kuhusu kumbukumbu yenye madhara makubwa kuliko zote ni hii: jicho likishaona, akili imerekodi, na mtu akiulizwa anairudisha picha ileile. Sivyo. Kumbukumbu hupitia hatua tatu, yaani kunasa, kuhifadhi na kukumbuka, na kasoro huingia popote. Kila tunapokumbuka, akili hulijenga tukio upya kwa vipande vilivyobaki, kisha huziba mapengo kwa tuliyoyasikia baadaye, hata kwa maneno ya anayetuuliza.

Mwaka 1974 huko Marekani, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari. Wengine waliulizwa magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana". Wengine waliulizwa kwa neno kali zaidi, mfano wa "yalipobamizana". Baada ya wiki moja wakaulizwa kama waliona vioo vilivyovunjika. Vioo hivyo havikuwamo. Hata hivyo, kati ya 50 walioulizwa kwa neno kali, 16 walisema waliviona. Kwa neno la kawaida, 7 kati ya 50. Hawakuwa waongo, na hilo ndilo la kuzingatia: mtu anaweza kusema yasiyo kweli bila kukusudia kudanganya.

Wengi pia huamini kwamba shahidi asiyesita ndiye wa kuaminiwa. Uhakika wa mara ya kwanza kabisa, kwenye gwaride la utambulisho (shahidi anapopangiwa watu kadhaa amtambue mhalifu) lililoendeshwa kwa haki, una uzito wake. Uhakika wa mahakamani miezi kadhaa baadaye ni kitu kingine, kwa sababu hukua kila mtu anapoambiwa "umepatia". Ronald Cotton wa North Carolina, Marekani, alikaa gerezani takriban miaka 10 kwa sababu mwathirika alimtambua bila shaka yoyote, hadi vipimo vya DNA vya mwaka 1995 vilipoonyesha mhalifu ni mwingine. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ililiona hili mapema, katika shauri la Waziri Amani la mwaka 1980: ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na ni lazima kupima umbali, mwanga, muda shahidi aliomtazama mtuhumiwa, na kama alimjua kabla. Natamani kila mtu anayepiga kelele za "mwizi!" mtaani angejiuliza hayo manne.

Kusahau jina la mtu, au ulikoweka funguo, peke yake si dalili ya ugonjwa. Akili huacha mengi yapite.

Na kumbukumbu si ghala moja. Henry Molaison, aliyefanyiwa upasuaji wa ubongo mwaka 1953 kutibu kifafa, hakuweza tena kuhifadhi matukio mapya. Lakini mwanasaikolojia Brenda Milner alipompa zoezi la kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, mkono wake uliboreka siku hadi siku, ingawa kila mara yeye aliona ndiyo kwanza anaanza.