Asilimia ya mwezi mmoja haielezi soko la nyumba mpya Marekani

Kila Ofisi ya Sensa ya Marekani inapotoa takwimu za mauzo ya nyumba mpya, wateja wangu, wengi wao familia za Kitanzania, Kikenya na Kikongo zinazotafuta nyumba Texas, hunijia na dai lilelile: mauzo ya kanda fulani yamepanda kwa asilimia 20, kwa hiyo tutoe arbuni upesi kabla bei haijapaa. Nimelisikia mara nyingi mno, na haraka hiyo inawagharimu watu fedha.

Takwimu hizo hutokana na sampuli, si hesabu ya kila nyumba, ndiyo maana kila asilimia huandamana na kiwango chake cha makosa. Tuseme ongezeko ni asilimia 20 na kiwango cha makosa ni asilimia 30 juu au chini. Hapo mauzo huenda yamepanda kwa asilimia 50, na huenda pia yamepungua kwa asilimia 10. Ofisi yenyewe huweka alama ya nyota pale ambapo ushahidi hautoshi kusema kuwa kuna badiliko lolote, lakini wanaosambaza habari huiacha nyota hiyo nyuma. Kaskazini-Mashariki hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa nyumba mpya zinazouzwa huko ni chache na miradi michache tu huweza kuyumbisha asilimia ya kanda nzima. Kusini, kunakouzwa zaidi ya nusu ya nyumba mpya zote nchini, mtikisiko ni mdogo, ingawa hata huko takwimu husahihishwa miezi inayofuata na ongezeko lililoshangiliwa likafutika kimyakimya. Isitoshe, idadi inayotangazwa ni kiwango cha mwaka kilichorekebishwa kwa msimu, yaani mauzo ya mwezi mmoja yakiondolewa athari za msimu na kukadiriwa kana kwamba yangeendelea hivyo mwaka mzima: 660,000 ni mwendo wa nyumba 55,000 hivi kwa mwezi. Soma wastani wa miezi mitatu au zaidi, au usisome kabisa.

Wengine huamini kuwa fahirisi ya imani ya wajenzi, kipimo cha 0 hadi 100 ambapo chini ya 50 wanaoliona soko kuwa baya ni wengi kuliko wanaoliona zuri, inayotolewa na chama chao cha kitaifa pamoja na benki ya Wells Fargo, ikishuka chini ya 50, bei zitaporomoka. Fahirisi hiyo hujengwa juu ya mambo matatu: mauzo ya sasa, matarajio ya miezi sita ijayo, na wingi wa wanaokuja kutazama nyumba. Mwaka 2022 ilishuka kila mwezi hadi 31 mwezi Desemba, riba za mikopo zilipopanda, na wajenzi wengi walipendelea kumlipia mnunuzi sehemu ya riba kuliko kupunguza bei iliyotangazwa. Imani yao inapokuwa chini, omba nafuu ya riba na gharama za kukamilisha ununuzi.

Si kweli pia kwamba nyumba huhesabiwa kuwa imeuzwa mnunuzi anapohamia. Huhesabiwa mkataba unaposainiwa au arbuni inapopokewa, hata kama msingi haujachimbwa, na mkataba ukivunjwa baadaye hesabu haipunguzwi.

Hatimaye, «Kusini» ya takwimu hizi inajumuisha Texas na Florida pamoja na Maryland na Delaware. Anayenunua Houston amuulize mjenzi ana nyumba ngapi zilizokamilika katika mradi huo ambazo hazijapata mnunuzi, kisha ndipo aanze kujadili bei.