Kosa la mchapaji si mali moja kwa moja: dhana potofu kuhusu kadi za zamani za besiboli

Agosti 2022, kadi yenye picha ya Mickey Mantle, nyota wa besiboli wa Marekani, iliyochapwa mwaka 1952 na Topps, kampuni iliyowauzia watoto kadi za wachezaji, ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 12.6. Habari za namna hiyo huwafanya watu waamini kwamba kila boksi la kadi lililosahaulika darini huko Marekani lina utajiri ndani, na kila doa la wino ni "toleo adimu". Ukishajua mitambo ya uchapaji ilivyofanya kazi, mengi ya hayo yanaanguka yenyewe.

Dhana: Mantle ya 1952 ndiyo kadi yake ya kwanza, na ni ghali kwa kuwa ndiyo adimu kuliko zote.

Kadi yake ya kwanza ilitolewa na kampuni ya Bowman mwaka 1951, namba 253. Hii ya Topps, namba 311, ilikuja mwaka uliofuata. Na uadimu wake? Tupige hesabu. Kadi hizo zilichapwa mia moja kwa pamoja kwenye karatasi moja kubwa, kisha zikakatwa. Fungu la mwisho la mwaka ule lilianzia namba 311 hadi 407, yaani kadi 97. Zikabaki nafasi tatu, na hakuna mchapaji anayependa kupoteza karatasi. Topps wakazijaza kwa kurudia kadi tatu za mwanzo wa fungu: za wachezaji Mantle, Jackie Robinson na Bobby Thomson. Kwa hiyo kila karatasi iliyotoa Eddie Mathews mmoja, namba 407, ilitoa kadi mbili za Mantle!

Tena kadi hizo mbili za Mantle zina tofauti ndogo. Geuza kadi, tazama mchoro wa mpira unaozunguka namba: kwenye moja mishono imeelekea kushoto, kwenye nyingine kulia. Zote mbili ni halali, kwa kuwa zilikaa mahali tofauti kwenye karatasi ileile. Anayekuambia yako ni bandia kwa sababu mishono haifanani na ya kwake, mwachie maneno yake.

Fungu hilo lote ni gumu kupatikana, hilo ni kweli. Lilitoka msimu ukielekea ukingoni, watoto wameshahamia futiboli ya Kimarekani, na wenye maduka hawakuwa na hamu ya kuagiza. Sy Berger wa Topps alisimulia kwamba mwaka 1960 makasha yaliyododa yalipakiwa kwenye tishari na kumwagwa katika bahari ya Atlantiki. Lakini kinachompandisha Mantle juu ya wenzake wa fungu hilo ni jina lake, na kwa kadi ile ya 2022, hali yake: kampuni ya kupima kadi iliipa daraja la 9.5 kati ya 10.

Dhana: Kadi yenye kosa ina thamani kuliko isiyo na kosa.

Hapa ndipo wengi wanapotupa fedha. Swali la kuuliza ni moja tu: je, kosa lilisahihishwa uchapaji ukiwa bado unaendelea? Kama halikusahihishwa, kadi zote ziko hivyo, na uadimu haupo.

Chukua kadi ya mchezaji Hank Aaron ya Topps 1957. Filamu ya picha iligeuzwa, Aaron akaonekana anapiga kwa mkono wa kushoto, na namba 44 kwenye jezi inasomeka kinyume. Kosa la kuchekesha, lakini halikurekebishwa. Hakuna Aaron "sahihi" wa kulinganisha naye, kwa hiyo kosa lenyewe haliongezi kitu. Muuzaji anayedai nyongeza kwa sababu yake anakujaribu.

Sasa mwangalie Sherry Magee, mchezaji wa timu ya Philadelphia, katika kadi zilizotiwa kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911, zile ambazo wakusanyaji huziita T206. Jina lake lilichapwa "Magie", likasahihishwa mapema, na chache zilizotangulia zikawa lulu. Zilizotoka na kosa hilo zina tangazo la sigara za Piedmont upande wa nyuma. Ukioneshwa Magie mwenye tangazo la sigara nyingine, rudisha pochi mfukoni.

Kisa ninachokipenda zaidi hakina hata kosa la mchapaji. Mwanzoni mwa 1974 ilionekana hakika kwamba timu ya San Diego Padres ingehamia Washington, na Topps wakachapa baadhi ya kadi zikiwa na maneno "Washington Nat'l Lea." (Washington ya ligi ya National League) badala ya San Diego. Kisha Ray Kroc, tajiri wa McDonald's, akainunua timu na kuiacha ilipo. Topps wakabadilisha maandishi, na wachezaji wale wakabaki na kadi za aina mbili: za San Diego, na za timu ambayo haikuwahi kuwepo.

Dhana: Rangi iliyopotoka ni toleo tofauti.

Kadi ya rangi hupita kwenye mtambo zaidi ya mara moja, na karatasi ikisogea kidogo rangi zinapishana, kama kanga ambayo wekundu umemwagika nje ya mstari wa ua. Hiyo ni kasoro, na kwa kawaida hushusha bei. Toleo ni pale tofauti ilipotokana na bamba la kuchapia lililobadilishwa au uchapaji mwingine, ikajirudia vilevile kwenye kadi nyingi. Mfano ni fungu la pili la Topps 1962, ambalo sehemu yake ilitoka na ukijani unaoonekana wazi, na kwa baadhi ya wachezaji hata picha ni nyingine.

Dhana: Ukiona vitone kwenye picha, ni nakala ya kisasa.

Picha za Topps za miaka ya 1950 zenyewe zimejengwa kwa vitone. Weka kioo cha kukuza kwenye herufi nyeusi badala ya uso wa mchezaji: kwenye kadi halisi wino wa herufi umejaa, kwenye nakala herufi nazo mara nyingi zimevunjika vitone. Kwa kadi za kabla ya Vita Kuu ya Pili, tumia pia taa ya urujuanimno, ile ya kukagulia noti. Karatasi ikiwaka kwa weupe wa samawati, ina kemikali za kung'arisha ambazo hazikuwepo enzi hizo.

Dhana: Kadi yenye upana mdogo imepunguzwa kingo na mtu baadaye, na yenye cheti cha kampuni ya kupima kadi haijaguswa.

Kadi za T206 zilizotiwa kwenye pakiti za sigara za American Beauty zilikatwa zikiwa na upana mdogo kuliko nyingine tangu kiwandani, kwa hiyo soma tangazo la nyuma kabla ya kumshutumu mtu. Na kuhusu cheti: kadi ya T206 maarufu kuliko zote za mchezaji Honus Wagner, iliyowahi kumilikiwa na Wayne Gretzky, nyota wa magongo ya barafuni, na kupewa daraja la 8, ilikuwa imepunguzwa kingo. Bill Mastro, aliyeiuza kadi hiyo miaka ya 1980, alikiri mahakamani Chicago mwaka 2013 kwamba aliikata mwenyewe.