Je, wajua kwa nini mgonjwa wa presha ya macho akifanyiwa leza huendelea kuona vilevile?

"Dokta, mbona naona vilevile?" Swali hili halikosekani kwenye kliniki inayotibu glakoma, yaani presha ya macho, kwa leza. Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Amesafiri, amelipa, amekaa foleni tangu asubuhi, na akitoka nje anaona ukungu kuliko alivyoingia. Jibu la haraka ni kwamba leza hiyo ipo kwa ajili ya kulinda uoni uliobaki, na uoni uliokwisha kupotea hairudishi. Ni jibu la kweli, ila humfikia mgonjwa akiwa ameshakata tamaa. Ninaamini wengi wangeumia kidogo zaidi kama wangeelezwa mambo yote kabla ya kukaa kwenye kiti.

Matumaini yenyewe yametoka mbali. Karibu kila mtu anamfahamu bibi au mzee aliyefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, kesho yake bandeji ikatolewa, akawatambua wajukuu zake mmoja mmoja. Kule lenzi ya jicho ilikuwa imeingia ukungu, ikatolewa ikawekwa nyingine safi. Kwenye glakoma kilichoharibika ni mshipa wa fahamu unaotoa picha nyuma ya jicho kuipeleka kwenye ubongo. Mshipa huo una nyuzi zaidi ya milioni moja, na uzi uliokufa hauoti tena. Hakuna miwani, dawa wala leza ya kuufufua.

Nyuzi hizo zinakufaje? Ndani ya jicho mna maji yanayotengenezwa mchana na usiku, tofauti kabisa na machozi. Hulisha sehemu za mbele za jicho zisizo na mishipa ya damu, kisha hutoka kupitia wavu mwembamba uliojificha kwenye pembe, pale sehemu yenye rangi inapokutana na nyeupe. Wavu ukianza kugoma, jicho linakuwa kama beseni ambalo bomba liko wazi huku tundu la kutolea maji limeziba nusu. Presha inapanda. Kwa kawaida huwa kati ya 10 na 21 kwa kipimo cha milimita za zebaki. Ikikaa juu ya hapo miaka na miaka, mshipa wa fahamu huminywa na nyuzi kufa kidogo kidogo. (Wapo pia wanaougua presha yao ikiwa ndani ya kiwango hicho, ndiyo maana daktari huutazama mshipa wenyewe na haridhiki na namba tu.)

Uoni huanza kuliwa pembeni, bila maumivu. Jicho moja hulifichia jingine pengo, na ubongo hujazia palipobaki. Mtu anasoma gazeti vizuri, ila anajigonga kwenye fremu ya mlango, au bodaboda inamtokea ubavuni kama imeshuka kutoka angani. Wenye asili ya Afrika wako kwenye hatari kubwa zaidi, na mara nyingi huwaanza mapema.

Sasa twende kwenye kiti. Leza inayotumika zaidi kwa glakoma ya pembe iliyo wazi, yaani ile ambayo pembe haijajifunga ila wavu wake umegoma, hujulikana kwa herufi SLT. Daktari wa Marekani, Mark Latina, ndiye aliyeiasisi miaka ya 1990, na mwaka 2001 ikaruhusiwa nchini humo. Kabla yake palikuwa na leza ya agoni, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1970. Ile ilipunguza presha, lakini iliunguza wavu na kuacha makovu, hivyo kuirudia ilikuwa shida.

Muuguzi huanza na tone la ganzi, linalochoma kidogo kisha jicho linakuwa zito. Linafuata tone la kuzuia presha isiruke baada ya tiba. "Mama, weka kidevu hapa. Paji la uso liguse huu mkanda, usirudi nyuma." Daktari hupaka jeli kwenye lenzi ndogo yenye kioo ndani, akaibandika juu ya jicho ili aione ile pembe iliyojificha. Wagonjwa wengi huikumbuka lenzi hii kuliko leza yenyewe: kope zinataka kufumba na haziwezi, chozi linateremka shavuni, na ile hali ya kitu kukaa juu ya jicho inataka moyo. "Jicho la pili lielekeze kwenye sikio langu." Kisha mwanga wa kijani unawaka na kuzima, mashine inalia tik, tik, tik, karibu mara 100 kama wavu wote unazungukwa. Wengi hawasikii maumivu. Baadhi huhisi vichomo vidogo. Dakika chache, imekwisha.

Lenzi ikitolewa, kila kitu kina ukungu kwa sababu ya jeli na taa kali ya darubini. Mgonjwa hukaa saa moja hivi ili presha ipimwe tena, maana kwa wachache hupanda kwanza kabla ya kushuka. Jicho linaweza kuwa jekundu, likauma kwa mbali na kuchukia mwanga kwa siku mbili tatu. Ni vizuri aje na mtu wa kumrudisha nyumbani. Maumivu makali, au uoni kushuka ghafla, si sehemu ya hali hiyo ya kawaida. Hapo arudi hospitali siku hiyohiyo.

Lakini presha itashuka lini? Hapa ndipo subira inapohitajika, na sababu yake inapendeza kuijua. Kila mpigo wa SLT hudumu nanosekunde 3, yaani sehemu tatu tu za bilioni moja za sekunde. Mwanga huo hunyonywa na seli za wavu zenye rangi ya melanini, na mpigo huisha kabla joto halijasambaa kwa majirani. Wavu hautobolewi. Seli zilizoguswa hutoa taarifa, mwili ukapeleka seli zake za kusafisha, na taratibu njia ya maji ikafunguka. Kazi inafanywa na mwili wenyewe, nayo huchukua takriban wiki nne hadi sita kuonekana sawasawa. Mgonjwa anayepima mafanikio kwa kutazama ukuta wa sebuleni siku ya pili hatayaona, siku hiyo wala mwezi ujao. Yapo kwenye daftari lake la kliniki: ilikuwa 28, sasa 20. Kwa maoni yangu kila mgonjwa angepaswa kuzijua namba zake mwenyewe na kuziulizia kila ziara.

Na je, tiba inafanya kazi kwa watu wetu? Ushahidi mzuri umetoka hapahapa Tanzania, Hospitali ya KCMC, Moshi. Watafiti waliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 201, kundi moja likapewa leza, jingine matone ya timolol, dawa ya kushusha presha ya macho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet Global Health: baada ya mwaka mmoja leza ilifanikiwa kwa asilimia 61 ya macho, matone asilimia 31. Uingereza nako, utafiti wa wagonjwa 718 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa karibu robo tatu ya macho yaliyoanza na leza yalidhibitiwa kwa miaka mitatu bila matone yoyote. Mwaka 2022 mwongozo wa tiba wa nchi hiyo ukaiweka leza kuwa chaguo la kwanza kwa wagonjwa wengi wapya.

Tofauti ile ya Moshi hainishangazi. Matone yanatakiwa kila siku, maisha yote, kwa ugonjwa usiouma. Chupa inaisha tarehe ambayo mshahara au mauzo ya mahindi bado. Mikono ya mzee inatetemeka, tone linaangukia shavuni. Timolol haimfai mwenye pumu wala yule ambaye moyo wake unapiga taratibu mno. Leza inamwondolea mtu mzigo huo, walau kwa muda.

Kwa muda, kweli. Nguvu yake hupungua kadiri miaka inavyopita, na kwa baadhi haifanyi kazi tangu mwanzo. Hata kule Moshi, macho karibu manne katika kila kumi yaliyofanyiwa leza hayakufikia lengo. Inaweza kurudiwa kwa kuwa haiachi makovu kama ile ya zamani. Wengine huendelea na matone pamoja na leza, na wengine, hasa waliofika ugonjwa ukiwa umeshakomaa, huhitaji upasuaji. Kwa hiyo anayetumia matone asiyaache kwa sababu tu amefanyiwa leza, mpaka daktari aseme.

Wapo pia wanaosimulia mambo tofauti kabisa, kwa kuwa walifanyiwa leza nyingine. Mwenye pembe iliyojifunga hutobolewa tundu dogo sana kwenye sehemu yenye rangi ya jicho. Huhisi mshtuko mdogo, na wachache baadaye huona mstari mwembamba wa mwanga. Nyingine hudhoofisha kiwanda chenyewe cha maji, hiyo huhitaji sindano ya ganzi na huuma zaidi baada ya ganzi kuisha. Kabla ya kutishika na simulizi la jirani, uliza alifanyiwa ipi.

Jambo moja zaidi, kwa ndugu wa mgonjwa. Glakoma hutembea kwenye ukoo. Mama akiambiwa anayo, watoto wake na wadogo zake nao wakapimwe, hasa waliofikia miaka 40, hata kama wanasoma herufi zote ukutani.